Kompyuta Haikukagua Virusi Usiku? Chunguza Mambo Haya Sita



Umezoea kusoma hapa habari za malaria, maji safi na chanjo. Safari hii tunazungumzia kompyuta, na sababu yake ni ya kiafya. Orodha ya watoto wanaosubiri chanjo ya pili ya surua, rekodi za wagonjwa wa kifua kikuu ambao hawatakiwi kukatiza dawa kwa muda wa miezi 6, hata barua yako ya kumtafuta ndugu aliyebaki ng'ambo ya ziwa, siku hizi vyote huwekwa ndani ya kompyuta. Virusi vya kompyuta vikiharibu orodha hiyo, mtoto anaweza kukosa chanjo na mgonjwa anaweza kukosa dawa.

Makala hii ni kwa ajili yako unayesaidia kwenye ofisi ya kituo, unayefundisha vijana kompyuta, au mwenye kompyuta ya mtumba nyumbani.

Tatizo lenyewe ni nini?

Programu ya kuzuia virusi hupangiwa siku na saa ya kukagua mafaili yote. Kwenye kompyuta za zamani ukaguzi huo mara nyingi haufanyiki, na mwenye kompyuta hajui. Alama ya programu ipo pale chini ya kioo, naye anadhani yuko salama. Ni sawa na kuwa na kadi ya chanjo ambayo haijawahi kupigwa muhuri.

Kwa hiyo, kwanza fungua programu hiyo na utafute tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Ikiwa zimepita wiki mbili au zaidi, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Je, kompyuta ilikuwa imewaka saa hiyo?

Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Tuchukue mfano wa kompyuta ya ofisi ndogo hapo Gitaza, kando ya barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge. Programu ya Microsoft Security Essentials, iliyotolewa mwaka 2009, ilikuja ikiwa imepangwa kukagua Jumapili saa 8 usiku. Lakini karani anazima kompyuta Jumamosi jioni, kwa sababu umeme wa REGIDESO hukatika na mafuta ya jenereta ni ya kuhesabu. Saa 8 usiku ikifika, kompyuta imezimwa.

Dawa yake: hamishia ukaguzi saa ambayo kompyuta hutumika kidogo lakini imewaka, kwa mfano saa 6 mchana watu wanapokwenda kula. Pia fungua sehemu ya Windows inayopanga kazi za saa maalumu. Inaitwa Task Scheduler, au Planificateur de tâches kwenye kompyuta za Kifaransa. Kuanzia Windows Vista, humo kuna kisanduku kinachoamuru kazi iliyokosa saa yake ifanyike mapema iwezekanavyo. Kiwekee alama.

2. Je, ilikuwa inatumia betri?

Kompyuta ya mkononi mara nyingi huwa imeamriwa isianze ukaguzi ila ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Umeme ukikatika, ukaguzi unaachwa. Weka saa ambayo umeme huwa upo, au ondoa sharti hilo ikiwa betri bado ina nguvu.

3. Je, saa na tarehe ni sahihi?

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayotunza saa umeme usipokuwepo. Nyingi ni za namba CR2032. Ikichoka, kila ukiwasha kompyuta tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Hapo ratiba inavurugika, na programu inashindwa kujisasisha kwa intaneti. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Zima kompyuta, chomoa waya, badilisha betri, kisha rekebisha tarehe.

4. Je, akaunti ina neno la siri?

Kwenye Windows XP, kazi iliyopangwa kwa akaunti isiyo na neno la siri mara nyingi hukataa kuanza. Na ukibadilisha neno la siri bila kulibadilisha pia kwenye ratiba, kazi inakwama. Weka neno la siri, kisha liandike upya kwenye ratiba.

5. Je, kompyuta imezidiwa?

Diski ikijaa, au kumbukumbu ikiwa ndogo, ukaguzi huanza ukaganda katikati. Futa filamu na mafaili yasiyohitajika. Chagua ukaguzi mfupi kila siku na ule mrefu mara moja kwa wiki. Usiweke programu mbili za kuzuia virusi kwenye kompyuta moja. Hugombana, na zote mbili hushindwa.

6. Je, virusi vyenyewe vimezuia ukaguzi?

Hili ni la hatari zaidi. Kirusi kiitwacho Conficker, kilichoonekana Novemba 2008, kiliingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani kupitia mitandao na flashi. Kikishaingia, kilizima huduma ya Windows ya kujisasisha na kuzuia tovuti za watengenezaji wa programu za kuzuia virusi. Ukiona programu inajizima kila ukiiwasha, au mafolda ya flashi yamegeuka njia za mkato, acha kuchomeka flashi humo. Chomoa waya wa intaneti. Mwombe fundi aiwashe kwa CD ya uokoaji iliyotengenezwa kwenye kompyuta nzima, kisha aikague bila kupitia Windows.

Utajuaje kama umepona?

Usingoje Jumapili. Panga ukaguzi uanze baada ya dakika 10, kaa uangalie. Ukianza, rudisha ratiba ya kawaida na uangalie tena wiki ijayo. Usipoanza, anzisha kwa mkono kila wiki na uandike tarehe kwenye daftari karibu na kompyuta.

Kumbuka pia

Ukaguzi hauwezi kuziba matundu yote ya Windows iliyozeeka. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows XP marekebisho tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta za namna hiyo ni afadhali zisiunganishwe na intaneti, na majina ya wagonjwa yasiwekwe humo. Habari za ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Mwisho, nakili mafaili muhimu kwenye flashi mbili: moja ikae ofisini, nyingine mahali pengine penye kufuli. Barabara ya ukingoni mwa ziwa inajua mafuriko na maporomoko ya udongo, na maji hayachagui karatasi wala kompyuta. Kagua flashi ya mgeni kabla ya kuifungua, hata kama mgeni ni rafiki yako.

Kinga ni bora kuliko tiba. Leo, kabla hujazima kompyuta, tazama tarehe ya ukaguzi wa mwisho.