Ukivuka mpaka, badili na mazoea ya barabarani

Dereva anayetoka Kampala kwenda Kigali hushika upande wa kushoto hadi Katuna. Akishamaliza mihuri na kuingia Gatuna, hushika kulia. Ndivyo ilivyo pia Rusumo kwa anayetoka Tanzania kwenda Rwanda, Elegu kwa anayekwenda Sudan Kusini, na Mpondwe kwa anayeingia Kongo.

Mpakani penyewe kila dereva huwa makini. Hatari iko mbele, anapotoka kituo cha mafuta alfajiri na barabara ni tupu: mazoea humrudisha upande wa kwao. Kabla ya kuondoa gari, jiulize: niko nchi gani? Kwenye mzunguko wa Kigali au Bujumbura, magari hutokea kushoto kwako. Tazama huko kwanza.

Kupita gari la mbele ni kugumu zaidi. Lori lenye usukani wa kulia likishika upande wa kulia, dereva hukaa pembezoni na haoni kinachokuja mpaka kichwa cha lori kiwe kimeshatokeza. Usilisogelee gari la mbele. Chagua mti, gari hilo likiupita, hesabu angalau sekunde 3 kabla hujaufikia. Ukiwa na mzigo mzito au mvua ikinyesha, ongeza maradufu. Ukiwa mbali utaona barabara, na breki zitapata nafasi.

Nawe mwenye mali, usimpigie dereva simu kumharakisha. Mzigo uliochelewa saa moja bado utauzika.