Viumbe Wadogo wa Bustanini Mbele ya Kamera

Enyi wazazi na vijana wa Kiislamu! Katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu mna sura zilizopewa majina ya viumbe wadogo: An-Nahl, yaani Nyuki; An-Naml, yaani Chungu; na Al-Ankabut, yaani Buibui. Watoto wa madrasa huzihifadhi sura hizo, lakini wakimwona buibui ukutani, hukimbilia kiatu. Nasi wakubwa, tukiona wadudu juu ya mchicha, twashika dawa ya kupuliza kabla ya kutambua ni yupi alaye majani, na ni yupi amlaye huyo mla majani.

Hapa Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro, pilikapilika hazikatiki, hasa tangu Stendi ya Magufuli ilipofunguliwa mwaka 2021. Hata hivyo, nyua nyingi zingali na mwembe, mpapai na tuta la mchicha. Humo mna somo kubwa, na njia moja ya kulisoma ni kupiga picha za karibu mno.

Ufundi huu wataka subira kuliko mali. Kipimo chake kijulikanacho ni umbo la mdudu kuangukia ndani ya kamera kwa ukubwa wake wa kweli: chungu wa milimita 8 achukue milimita 8 zile zile, kisha picha hukuzwa. Asiye na lenzi ya kazi hiyo aweza kubandika kioo cha kukuzia mbele ya simu ya mkononi. Lakini kadiri tunavyosogea karibu, ndivyo sehemu ionekanayo wazi inavyozidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo macho ya kiumbe ndiyo yalengwayo kwanza. Wakati bora ni baada ya sala ya alfajiri, kwani wadudu wengi hawajapata joto na mwendo wao ni mzito. Taa ya kamera ikihitajika, iwekewe karatasi nyeupe mbele ili mwanga uwe laini.

Watazameni chungu wa mwembeni waitwao maji moto, bila ya kuwagusa. Picha itaonyesha jinsi wanavyovuta majani mabichi yakutane, na wengine wakiwashika watoto wao kwa taya, kwani nyuzi za kushonea kiota hutoka kwa watoto hao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way alichunguza Zanzibar jinsi chungu hao wanavyoilinda minazi na kunguni aharibuye nazi changa. Basi apulizaye sumu ovyo huenda akamuua mlinzi wake.

Ama buibui, si wote watandao utando wa kunasia. Wapo warukao, wenye macho manane, mawili ya mbele yakiwa makubwa. Mmoja wa jamaa hiyo, Evarcha culicivora, huishi pande za Ziwa Victoria. Wataalamu waliomchunguza Mbita, nchini Kenya, walieleza mwaka 2005 kwamba hupendelea kula mbu walioshiba damu. Sisi hatudai kuwa kila buibui wa Mbezi hufanya hivyo. Twasema tu kwamba yafaa kumtazama kabla ya kumponda.

Wapo wapigao picha ambao humuua mdudu kwanza, au humtia katika jokofu, kisha wakamweka juu ya ua kana kwamba yu hai. Vijana wetu wasifuate mwendo huo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuwaua chungu na nyuki, tena picha ya namna hiyo humdanganya aitazamaye.

Twawashauri wazazi wampe mtoto daftari. Kwa kila picha aandike tarehe, saa, jina la mmea, na alichokuwa akifanya kiumbe yule: alikuwa akila jani, akinyonya ua, au akiwinda? Na siku dawa itakapotakiwa bustanini, baba na mama walifungue daftari hilo kwanza.