Moto wa Sotik na Sheria za Vita

Mwaka 1905, kabla michai haijatanda Kericho na Bomet, jeshi la Uingereza liliivamia Sotik, likateketeza nyumba, likaua watu na kuswaga maelfu ya ng'ombe. Kanuni za Hague za 1899 zilikwisha kukataza uporaji na uharibifu wa namna hiyo. Ila ziliwalinda waliotia saini tu, na Wakipsigis hawakualikwa.

Hata saini haitoshi. Italia iliridhia Itifaki ya Geneva ya 1925, iliyokataza gesi ya sumu, kisha ikawamwagia Wahabeshi gesi hiyo mwaka 1935. Leo Itifaki ya 1980 inakataza kuwashambulia raia kwa silaha za moto.

Nashikilia kwamba sheria isiyomfikisha mwenye nguvu kizimbani ni wino mtupu. Uingereza na ianze kwa kuwaomba radhi na kuwafidia wazao wa Sotik.