Mwanamke Asiachwe Peke Yake Wakati wa Uchungu

Mwanamke ashikwapo na uchungu wa kuzaa, kwa kawaida haendi hospitali peke yake. Mama yake, au mkwewe, au dada yake huchukua kikapu chenye nguo za mtoto na chupa ya chai, wakafuatana. Lakini katika hospitali nyingi safari ya mwenzake hukoma mlangoni pa wodi. Yeye huambiwa angoje kwenye benchi, na mwenye uchungu huingia ndani kati ya wageni. Wakunga wapo, lakini kila mmoja ana wazazi kadha wa kuwaangalia. Basi huenda saa nyingi zikapita mwanamke akiutazama ukuta, asijue kama mambo yake yanakwenda vyema au vibaya.

Wako wadhanio kwamba hilo si neno, maadamu mama na mtoto watatoka salama. Uchunguzi umeonyesha kwamba ni neno kubwa.

Mwaka 1980 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Guatemala. Wanawake waliokuwa wakizaa mtoto wa kwanza waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walipewa mwanamke wa kukaa nao, ambaye hawakupata kumwona kabla. Kazi yake ilikuwa kumsugua mzazi mgongo, kumshika mkono na kuzungumza naye. Miongoni mwa waliozaa bila tatizo, wenye mwandani walijifungua kwa wastani wa saa 8.8 baada ya kupokewa hospitalini. Wasio naye walichukua saa 19.3.

Wanawake hao walikuwa wachache, na si kila mahali saa zilipungua hivyo. Huko Johannesburg, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1991, muda wa uchungu haukupungua. Hata hivyo, katika kila wanawake 100 waliokuwa na mwandani, 60 walisema kwamba waliustahimili uchungu vyema; kwa wasio naye ni 24 tu. Tena wenye mwandani walizidi kwa kunyonyesha watoto wao maziwa ya mama pekee wiki 6 baadaye. Nchini Botswana, mwaka 1999, ilionekana kwamba wanawake waliokaa na jamaa yao wa kike walizaa kwa njia ya kawaida 91 katika 100. Walioachwa peke yao, 71.

Sababu yake si uganga. Hofu huukaza mwili na kuzidisha maumivu. Mtu anayeaminiwa huipunguza hofu. Humpa mzazi maji, humsaidia kutembea, humsugua kiuno, na hali ikibadilika humwita mkunga upesi. Lakini yeye si mkunga. Hampi mzazi dawa, wala hamwamuru kusukuma. Kazi hizo ni za mwenye ujuzi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mwanamke awe na mwandani amtakaye wakati wa kuzaa. Mwaka huohuo yalitangazwa matokeo kutoka kaunti moja ya mashambani, magharibi ya Kenya. Katika kila wanawake 100, 88 walisindikizwa hospitalini. 67 waliruhusiwa kukaa na mwenzao wakati wote wa uchungu, lakini 29 tu wakati wa kuzaa kwenyewe. Wala si wakunga peke yao waliozuia. Wanawake wengi wenyewe hawakutaka mtu wakati mtoto atokapo, kwa kuona haya, au kwa kuhofu kwamba siri zao zitatangazwa kijijini.

Hofu hiyo yafaa kuheshimiwa. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi mwenye kuchagua ni yeye, si mumewe wala mkwewe. Mwandani mwenye ulimi mrefu hudhuru kuliko upweke.

Kwa hiyo shauri lifanywe mapema. Mama mjamzito aendapo kliniki, na amwulize mwuguzi kama wodi huruhusu mwandani, na pazia likoje. Kisha amchague mtu mtulivu, mwenye kutunza siri, amweleze kazi yake kabla siku haijafika. Uchungu ukisha kuanza, hakuna nafasi ya mashauri. Ila mkono wa kushika uwe tayari.