Kipindupindu, Utando wa Seli na Kosa la Kumnyima Mgonjwa Maji

Sumu ya kipindupindu huanzia kazi yake kwenye vijieneo vidogo mno vya utando wa seli za utumbo mwembamba. Utando huo umejengwa kwa lipidi, lakini lipidi zake hazikutapakaa sawasawa. Kolesteroli na sfingolipidi hujikusanya pamoja na baadhi ya protini, zikaunda vijieneo vya upana wa nanomita 10 hadi 200, ambavyo huungana na kutawanyika muda wote. Mwaka 1997 Kai Simons na Elina Ikonen walivieleza kuwa mahali ambapo seli hukusanya protini zake za kupokea na kupitisha ishara. Vijieneo vya aina hiyo hutumiwa vibaya na maradhi mengi. Virusi vya Ukimwi hutokea hapo vinapoiacha seli, na kimelea cha malaria huvihitaji kinapoingia kwenye seli nyekundu ya damu.

Katika utumbo, vijieneo hivyo hubeba sfingolipidi ya aina ya gangliosidi iitwayo GM1. Sumu inayotolewa na bakteria Vibrio cholerae ina vipande vitano vinavyofanana, na kila kimoja kinaweza kushika molekuli ya GM1. Ikishashika, seli huimeza, huisafirisha hadi ndani kabisa, na hapo kipande cha sita huchomoka. Kipande hicho huibadili protini ya seli iitwayo Gs isiweze tena kuzimika. Ishara iitwayo cAMP hurundikana, njia ya kloridi iitwayo CFTR hufunguka, kloridi humiminika utumboni, na sodiamu na maji hufuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Kijieneo chenyewe kina uzito mkubwa katika mkasa huu: kolesteroli ikiondolewa kwenye utando wa seli katika maabara, sumu hudhoofika.

Swali ambalo wahudumu wa afya huulizwa bila kukoma, kuanzia maduka ya dawa ya Buwenge hadi wodi za Mbale nchini Uganda, ni hili: mgonjwa anaharisha maji matupu, mbona anaongezewa maji? Asiponyweshwa, si tumbo litafunga lenyewe? Swali hili lina jibu tangu miaka ya 1960, na inauma kulisikia hadi leo, kwa kuwa wanaolipia kosa hilo ni watoto. Imani hiyo huuchukulia mwili kama bomba, kwamba kisichomiminwa juu hakitatoka chini. Maji ya kipindupindu hutoka kwenye damu. Seli iliyokwisha kushikwa na sumu hutoa maji hata kama mgonjwa hajaonja tone, nayo haiachi mpaka ibanduke na nafasi yake kuchukuliwa na seli mpya, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku tatu hadi tano. Kumnyima maji hakupunguzi kinachotoka, bali kunazuia kinachoingia. Damu hupungua, mapigo ya moyo hudhoofika, figo huacha kutengeneza mkojo, na mtu aliyeamka mzima anaweza kufa kabla jua halijachwa.

Wapo wanaosema waliona kuhara kukiendelea baada ya mgonjwa kunywa ORS, yaani maji yenye mchanganyiko wa sukari na chumvi. Ni kweli, kwa sababu ORS haikutengenezwa kufunga tumbo. Kazi yake ni kurudisha kinachopotea. Sumu haibomoi ukuta wa utumbo, wala haiizimi protini ya SGLT1, ambayo huingiza ayoni mbili za sodiamu kwa kila molekuli moja ya glukosi, na maji yakafuata. Ndiyo maana sukari na chumvi lazima ziende pamoja. Maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea, na soda ina sukari nyingi kiasi cha kuvuta maji zaidi kuelekea utumboni. Mwaka 1968 matibabu haya yalithibitishwa kwa wagonjwa wa Dhaka. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliyatumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Buwenge, mji uliopo katikati ya mashamba ya miwa kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, haukosi sukari. Mtoto kufa hapo kwa kukosa sukari na chumvi ndani ya maji ni jambo lisilovumilika.

Imani hii ya kumnyima mgonjwa maji ina sura yake ya kisomi pia. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Mbale, ulionyesha kuwa kumtundikia maji mengi kwa haraka mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu kuliongeza vifo. Lakini watoto wenye kuhara hawakuingizwa katika utafiti huo. Kuutumia kumnyima maji mgonjwa wa kipindupindu ni kuusoma nusu.

Metronidazoli nayo, inayonunuliwa kwa kila tumbo linalosumbua, hulenga amiba, giadia na bakteria wasiohitaji oksijeni. Si dawa ya kipindupindu. Dawa za kufunga tumbo ni hatari zaidi, kwani hutuliza mwendo wa utumbo na kuacha maji yakijaa ndani.

Hatua zifaazo ni chache. ORS ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikikosekana, lita moja ya maji itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa akitapika, asubiriwe dakika kumi, kisha anyweshwe polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto aliyezidi miezi sita apewe zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Mdogo zaidi, miligramu 10. Doksisaiklini hutolewa na mhudumu wa afya kwa anayestahili. Chanjo ya kunywa, maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, choo na sabuni huzuia maambukizi. Macho yakizama, mgonjwa akilegea, au ngozi ya tumbo ikifinywa ikabaki imesimama, akimbizwe hospitali kutundikiwa maji, na njiani aendelee kunyweshwa maadamu anaweza kumeza.