Omate: siku ya Mungu, saa nane, tunacheza teatri

Sisi wa sendika tunajulikana juu ya maneno makali: bei ya zahabu, kodi za njiani, watu waliofunikwa na udongo. Leo tunataka kusema juu ya teatri. Msishangae. Kwetu Omate mambo hayo yote yalikutana kwa mtu mmoja, yakatuletea kesi.

Mtu huyo ni mchimbaji, amepita miaka 50. Jina lake tunaliacha, juu bado anashuka shimoni. Alipokuwa mtoto, parokia ilimpa nafasi ya mchungaji wa kondoo katika mchezo wa Noeli, na tangu siku ile hakuacha tena kuigiza. Mangaribi, watu wakiisha kunawa udongo, anasimama karibu na moto na kuanza. Anamwiga mnunuzi anayeegemeza kidole kwenye mizani. Anamwiga PDG wa shimo anayehesabu mifuko ya mchanga mara mbili. Anamwiga mama anayengoja franga za masomo. Watu wanacheka mpaka machozi. Mnunuzi naye, kama yuko, anacheka, lakini kesho yake anaweka mizani mahali pa wazi.

Sasa mzee huyu alikusanya vijana sita na akina mama wawili wanaouza chakula, wakaanza mazoezi. Mara mbili alichelewa kushuka. PDG wake akamkata fungu, akamwambia achague: shimo ao mchezo. Nyumbani nako mama alikuwa amechoka: «Papa, muchezo haiwezi kulisha batoto. Uko muzee sasa.»

Alikuja kwetu juu ya fungu lake, lakini aliuliza na neno lingine: «Kama mutu alizaliwa na hii kitu, na hana makuta, afanye nini?»

Hatukuwa na jibu. Tukatafuta mfano kwa watu wa migodi kama sisi, na mfano tulioupata uko Lubumbashi.

Lubumbashi ni mji wa shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikajenga kampi za wafanyakazi na familia zao, kisha serikali ikaichukua, na leo tunaiita Gécamines. Watu walitoka pande zote, wakakutana katika Kiswahili cha kazi na cha nyumbani. Ni katika Kiswahili hicho Mufwankolo na kundi lake walifanya teatri, tangu wakati wa wakoloni, na miaka mingi nyuma ya uhuru. Watu waliwasikia redioni, kisha wakawaona kwenye televisheni. Waliigiza ugomvi wa bwana na bibi, pombe, pesa, ujanja wa mjini. Mufwankolo ni jina la mchezo, lakini lilifunika jina lake la kuzaliwa. Hakuwa na lazima ya kuhamia Paris ili watu wamjue. Alibaki katika mji wake na katika lugha ya majirani wake.

Mwaka 1986 mwalimu mmoja wa mila za watu, Johannes Fabian, alifika kule na swali juu ya msemo alioambiwa. Msemo wenyewe unasema kwamba mamlaka yanaliwa mazima, hayagawanywi. Aliwauliza wachezaji maana yake. Wale hawakumpa jibu la mdomo tu. Waliuchukua msemo wakaufanya mchezo, Le pouvoir se mange entier. Walizungumza kwanza, wakabishana, wakagawana nafasi. Hapakuwa na karatasi ya kukariri: kila mmoja alijua mambo yanaelekea wapi, maneno akayatafuta mwenyewe. Mwishowe walicheza Kawama, kijiji karibu na Lubumbashi, na televisheni ikapiga picha. Mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu kuhusu kazi hiyo, na ndani yake kuna Kiswahili chao jinsi walivyokisema.

Wakati ule Mobutu alikuwa madarakani tangu 1965. Kusema juu ya mamlaka haikuwa mchezo wa watoto. Wao waliweka jukwaani chifu wa kijiji na watu wake. Aliye na masikio alisikia.

Na karibu yetu zaidi, mnakumbuka mwaka 2015? Milo Rau, mtu wa teatri kutoka Uswisi, alikuja Bukavu kufanya Tribunal ya Congo. Kati ya kesi tatu zilizosikilizwa, moja ilikuwa ya Bisie, hapa hapa Walikale. Ilikuwa tribunali ya teatri, hukumu yake haina nguvu ya sheria. Lakini mashahidi hawakuigiza mtu mwingine. Walisema yaliyowapata wao wenyewe, mbele ya watu. Mwaka 2017 ikatoka filamu. Hatusemi kwamba teatri inaleta haki. Tunasema kwamba watu waliozoea kunyamaza walipewa mahali pa kufungua kinywa.

Bon, turudi Omate. Tuliitisha mkutano, PDG akiwemo. Sisi tulikubali kosa moja: kuchelewa kushuka kunaumiza wenzako wa shimo, na anayependa teatri asiwabebeshe wengine kazi yake. Lakini tukasema pia kwamba kupunguza fungu la mtu juu ya mazoezi si haki, kwa sababu mwingine akilala na pombe hatumkati vile. Tukapanga: mazoezi ni siku ya Mungu saa nane, nyuma ya misa na ibada, wakati hakuna timu inayoshuka.

PDG akatoa sharti: shimo lake lisichezwe kamwe. Mzee akakataa. Akasema afazali aache kabisa. Hapo mkutano ulikaribia kuvunjika. Mwishowe tulikubaliana kama watu wa Lubumbashi: jina la mtu halitajwi, wala la shimo. Anayejiona ndani ya mchezo, shauri yake.

Mchezo wa kwanza ulikuwa juu ya miti ya kushikilia udongo shimoni. Mkubwa mmoja anasema miti ni bei kali, tutaweka nyuma ya kupata zahabu. Zahabu inapatikana, miti haionekani. Mama anafika na sahani ya chakula, anaita jina la mtoto wake kwenye mdomo wa shimo, mara tatu. Hakuna anayeitika. Hapo watu hawakucheka. Mchezo ulipoisha, kijana mmoja asiyesemaka hata neno katika mikutano yetu alisimama, akasema shimo lao halina miti tangu mwezi mzima. Timu yake ilikaa siku mbili bila kushuka mpaka miti ikaletwa. Siku mbili bila franga, na wengine walinung'unika, walimlaumu mzee. Hilo pia ni kweli, tunaliandika.

Mama wa nyumbani hajabadilisha neno lake: franga za masomo kwanza, teatri nyuma. Ana haki. Mzee anashuka kila siku ya kazi, kwa saa yake, na fungu lake limerudi.

Kwa wenzetu wa migodi mingine: mtu kama huyu yuko kwenu pia. Pengine ni yule mnayemwita mpuuzi wa kampi. Hahitaji jengo. Anahitaji saa mbili za siku ya Mungu, turubai juu ya mvua, na wakubwa wanaovumilia kuchekwa. Mchezo unaofuata ni juu ya mizani, na wanunuzi wote wa Omate wamealikwa. Viti vya mbele ni vyao.