Ubalozi Haukulipii Deni la Shule

"Ubalozi utanilipa lini?" Swali hilo naulizwa kila mara na walimu wa Kenya na Tanzania wanaofundisha shule binafsi za Dubai na Sharjah. Limenichosha, kwa sababu anayeuliza huwa ameshapoteza miezi akingoja. Hautakulipa.

Ubalozi hauna fungu la kulipa madeni ya shule za watu. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unauruhusu kumsaidia raia wake, lakini Ibara ya 55 inauzuia kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Ofisa ataiandikia shule barua, atakuelekeza kwa wakili, atakupa hati ya kusafiria ukikwama. Shule iliyozoea kudhulumu haitishwi na barua. Na huyo anayejigamba kuwa ana mtu wake ubalozini wa kuharakisha malipo ni tapeli, usimpe hata dirhamu moja. Linaloniumiza zaidi ni imani kwamba ukirudi nyumbani serikali yako itakudaia ukiwa huko. Mwalimu anapanda ndege kimyakimya, shule inamwandika mtoro, na yeye aliyedhulumiwa ndiye anayeonekana mkosaji.

Serikali yenye meno hapa ni ya Falme za Kiarabu zenyewe. Usingoje mwezi wa pili: lalamika kwa wizara yao ya kazi, MOHRE, kwa simu au programu yake. Dai lisilozidi dirhamu 50,000 wizara inaliamua yenyewe tangu Januari 2024. Likizidi na msipopatana, linakwenda mahakamani, na mfanyakazi halipi ada kwa dai lisilozidi 100,000. Shule ikiwa ndani ya DIFC, eneo huru la kifedha la Dubai, sheria na mahakama ni za huko. Ukitaka kuacha kazi kwa sababu hujalipwa, iarifu wizara siku 14 za kazi kabla. Usisaini kwamba umelipwa yote kabla fedha hazijaingia benki. Shule haina haki ya kukaa na pasipoti yako. Umesharudi? Una miaka miwili ya kudai tangu ajira ikome. Mpe mtu hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na ubalozi wa Falme hizo nchini mwako. Mkenya aliyepelekwa na wakala amripoti pia kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na ukitimiza mwaka kazini, dai na kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza.